Nilivyochuma Kisamvu cha Bibi

Nakumbuka asubuhi moja kijijini kwetu Kurui, mwanangu, tulipong'oa shina la kwanza la mhogo nikahisi moyo umesimama. Hata leo, na uzee huu wote, siku ile sijaisahau.

Nilikuwa na miaka kama kumi na sita. Zilikuwa enzi za Mwingereza, na serikali ilitaka kila nyumba iwe na mihogo ya akiba, njaa isije ikatukuta mikono mitupu. Mama alishafariki. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kibaha, nami nikabaki na Bibi, mama yake Baba. Macho yake yalikuwa na ukungu na magoti yalishakwisha. Mihogo ile aliipanda kwa kukaa chini na kujisogeza kwa makalio, tuta baada ya tuta, mimi nikimpa pingili mkononi. Alipomaliza akasema, "Mjukuu wangu, mimi nimefika mwisho wangu. Sasa palilia wewe. Na kisamvu usikiguse mpaka nikuambie. Mhogo ukinyang'anywa majani, chini hauweki kitu."

Nikaitikia. Kuitikia ni kazi rahisi, mwanangu.

Mwaka huohuo nilikuwa kwenye mafundisho ya ubatizo. Kila Jumapili baada ya ibada tulikula pamoja nyumbani kwa mwalimu wa dini, na kila mwanafunzi alikuja na chochote. Wenzangu walileta viazi, kunde, hata kuku. Mimi sikuwa na kitu, na unajua aibu ya kijana ilivyo. Jumamosi moja nikapita shambani, nikachuma majani machanga kidogo tu, nikaenda kuyatwanga kwenye kinu cha mke wa mwalimu na kuyaunga kwa nazi. Kwa nini sikutwanga nyumbani? Kwa sababu macho ya Bibi yalikuwa mabovu, lakini masikio yalikuwa mazima.

Kumbe nilikuwa nimejitafutia makubwa! Walikula wakalamba vidole. Mwalimu akasimama mbele ya watu akasema, "Mtazameni binti huyu. Mbegu ya Neno imeota ndani yake, na matunda tunayaona." Basi, nikavimba kichwa. Nikawa naongoza sala, tena sala ndefu, mpaka watoto wanasinzia. Ukiniuliza nyumbani nilisali mara ngapi, nitakuambia kweli: sikusali. Nyumbani alikuwepo Mungu na Bibi tu, na hao hawakunipigia makofi.

Kila Jumamosi nikarudi shambani na kapu. Majani yakichipua, nachuma. Yakichipua tena, nachuma tena. Magugu sikuyagusa, maana magugu hayana sifa. Moyoni nikajitetea: kwani dhambi iko wapi, si ni kazi ya Bwana? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikuwa nimejitembeza kijiji kizima.

Mvua zikachelewa. Mtama ukaisha ndani. Bibi akasema sasa wakati wa mihogo umefika, akamwomba jirani yetu, Mzee Shomari, aje kutung'olea. Alikuwa Mwislamu mpole mwenye utani. Nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, mama mchungaji," akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na wasiwasi, ingawa nilijipa moyo kwamba labda mihogo itakuwa midogo kidogo.

Bibi akakaa pembeni ya tuta, ungo mapajani, uso umechangamka. Mzee Shomari akashika shina, akakaza miguu, akavuta kwa nguvu. Shina likatoka kirahisi mno, nusura aanguke chali. Chini yake palining'inia vijizizi vyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Akang'oa la pili. Akang'oa la tatu. Akamaliza tuta zima, na ungo wa Bibi bado mtupu. Nilijua nimechuma, sikujua nimeua.

"Vipi, Shomari?" Bibi akauliza. "Mbona kimya?"

Mzee akatazama vikonyo vilivyokatwakatwa, kisha akanitazama mimi. "Bi mkubwa, shamba hili limechumwa tangu likiwa changa."

"Na nani?"

Nikapiga magoti palepale nikasema yote, kinu, Jumapili, sifa, kila kitu. Nilitamani anichape. Bibi aliokota mzizi mmoja, akauzungusha vidoleni taratibu.

"Mke wa mwalimu alikuja kunisifia kisamvu chako," akasema. "Mimi nikadhani unachuma kwao." Akauweka ule mzizi kwenye ungo. "Kilikuwa na ladha gani?"

Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Miezi yote ile nilikuwa nimelisha kanisa zima, na hakuna hata kijiko kimoja kilichomfikia yule aliyepanda kwa kujisogeza chini. Nilikuwa natoka kwenye karamu, namkuta anakula ugali kwa chumvi, namwambia, "Bwana asifiwe, Bibi," halafu naingia kulala. Nililia mpaka Mzee Shomari akageuka pembeni.

Msimu ule tulikula mihogo ya Mzee Shomari. Mimi nikamlimia shamba lake bila kuambiwa. Kwa mwalimu nilikwenda mwenyewe, nikamwomba nisibatizwe na wenzangu. Aliposikia sababu alishika kichwa, akasema hata yeye alisifu majani bila kuuliza habari za chini. Nilibatizwa mwaka uliofuata, kimyakimya, Bibi akiwa amenishika mkono.

Sasa nimekuita kwa sababu nasikia unasifiwa sana kwenye kwaya, na mama yako, binti yangu, analalamika kwamba siku hizi hukanyagi kwake. Sikukatazi kuimba. Lakini ubatizo ni kupandwa tu, mwanangu, kukua bado. Imani changa inataka palizi, inataka siku nyingi za kusali bila kuonwa na mtu, na kuvumilia watu wa nyumbani ambao hawakuoni malaika. Usiichume kila Jumapili ili upate kusifiwa. Njaa ikija, na itakuja, hutakula sifa. Utakula kilichokomaa chini.

Nenda kwa mama yako leo, si kesho. Na Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe, akupe mizizi pale pasipo na mtu wa kukupigia makofi, na wema wako wa kwanza uonjwe nyumbani kwenu. Amina.