Mama yangu alivyoketi kiti cha mbele kungoja gari ya marehemu baba ife

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamina, Haut-Lomami, Kongo. Kiswahili changu nusu nilikiokota Kigoma kwenye biashara, nusu ni cha nyumbani, mnivumilie.

Nasimulia kilichotokea, bila chumvi. Mama akisikia nimeongeza neno, nitalala nje.

Iko hivi.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa treni. Alituachia gari moja, 404 ya rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mimi. Inakaa kwenye banda pembeni ya nyumba.

Mama analitaka lile banda aweke moulin, yaani mashine ya kusaga mahindi. Na ana haki, mjane lazima ale. Mimi nilikataa. Kuiuza ile gari niliona ni kumzika baba mara ya pili.

Yakaja mashindano ya magari ya zamani, siku kadhaa barabarani: Kamina, Bukama, Kabondo-Dianda, halafu kurudi. Tukakubaliana na mama. Gari ikimaliza, inabaki. Ikifa njiani, inauzwa na moulin inaingia.

Mnaodhani ni kukimbiza gari, hapana. Kila kipande cha njia kina muda wake. Ukichelewa unakatwa pointi, ukiwahi pia unakatwa. Na sheria kubwa: gari inaguswa na watu wawili tu, dereva na msaidizi wake. Mtu mwingine akiisukuma hata kidogo, mmetolewa.

Msaidizi wangu alikuwa nani? Mama!

"Minyi mwenyewe nitaingia," alisema (minyi kwetu ni mimi). "Nione na macho yangu vile inakufa. Weye uko muongo kama baba yako."

Sasa wakuu, kuendesha najua. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Barabara ya Bukama ina mashimo ya kumeza gurudumu zima, na wenye magari ya kung'aa kutoka Lubumbashi walikuwa wanalia. Sisi twende tu!

Ugonjwa wa 404 ulikuwa mmoja, stata. Motere, yaani injini, ikiwa ya moto, ukiizima, stata haigeuki tena mpaka ipoe. Kwa hiyo mchana kutwa sikuzima.

Hata Bukama, mama alipoamuru tusimame anunue samaki wa kukausha, nilimngoja motere ikinguruma. Tulikatwa pointi kwa ajili ya samaki, wakuu. Harufu imo kwenye viti mpaka leo.

Siku ya mwisho tunaingia Kamina jioni. Mstari wa kumalizia unaonekana kule mbele, ukishapita kambi ya wanajeshi. Muda wetu uko sawa. Nikaanza kupiga mluzi.

Mara filimbi ikalia. Bendera inashuka.

Kwa msiojua: kwetu bendera ikipanda asubuhi au ikishuka jioni, kila mtu anasimama pale alipo. Muuza ndizi, mwenye baiskeli, wote. Ni mbuzi tu wenye ruhusa ya kutembea. Nami nikasimamisha gari, mguu kwenye klachi, motere inanguruma.

"Zima," mama akasema.

"Mama, stata..."

"Ilunga! Bendera inashuka na weye unapiga kelele? Zima!"

Nikazima. Tukashuka, tukasimama wima. Jamani, dakika ile nilimchukia mama yangu. Niliiona moulin usoni mwake. Nikasema moyoni, ameniweza.

Filimbi ya pili ikalia, watu wakaendelea na safari zao. Jamaa mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa nyuma yetu akawasha, akatupita, akatupungia mkono. Nikageuza ufunguo. Tik. Nikarudia. Tik.

Wake wa wanajeshi waliokuwa wanauza mandazi kando ya njia wakaja mbio watusukume. Mama akawapigia kelele:

"Musiguse! Mukigusa, tumeisha!"

Nikashangaa. Si angenyamaza tu, wakaigusa, akapata banda lake?

Nikamwambia, "Mama, basi. Umeshinda."

Akaniangalia kama vile mimi ni mtoto aliyekojoa kitandani. Akavua viatu, akavitupa juu ya samaki, akakaza kikwembe chake kiunoni.

"Motokari ikikufa yenyewe, tutaiuzisha. Leo haikukufa. Ni minyi njo niliizimisha. Ile haihesabike. Shika usukani!"

Akaenda nyuma, akaweka mikono. Mama yangu huyu, mwenye magoti mabovu! Mimi nikashika usukani kupitia mlangoni, bega kwenye nguzo, tukasukuma. Wale wanawake, kwa kuwa wamekatazwa kugusa, wakatupigia makofi na kutuimbia.

Gari ikagoma. Tukasukuma tena, ikaanza kusogea. Nikaruka ndani, gia ya pili, nikaachia klachi.

Ikakohoa. Ikawaka!

Mama akawa anakimbia peku nyuma yangu, anacheka na kunitukana nipunguze mwendo aingie. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka vile. Tangu msiba, sidhani.

Tulifika tumechelewa. Kikombe kilienda Lubumbashi, wakae nacho. Gari ilimaliza.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anapanga matofali upande wa pili wa nyumba. Nikamuuliza ya nini.

"Ya moulin," akasema, akanionyesha banda kwa kidole. "Ile fasi kule iko na mwenyewe."

Nilichojifunza, wakuu: ukibishana na mtu mwenye haki, usiogope kumpa uhakimu. Mimi nilimdhania vibaya mama yangu mbele ya bendera, na yeye alikuwa ananisukuma.

Haya, mafundi wa stata njooni na ushauri wenu. Wengine mseme, ungekuwa wewe ungezima? Nitajibu baadaye kidogo, mama ananiita, ukuta wa moulin haujafika hata kiunoni.