Amplifaya Iliyonyamaza

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Mimi ni fundi wa redio hapa Mathare, na aibu yangu ya Jumapili ilitokana na kazi niliyoifanya vizuri kupita kiasi.

Amplifaya ya kanisa letu ilikuwa na mlio, zzzzz, tangu sala ya kwanza hadi baraka. Nikaifungua, nikamkamata mhalifu! Saketi ya dijitali inayoleta mwangwi ilikuwa ikitumia waya mmoja wa athi, yaani wa ardhini, pamoja na saketi ya maikrofoni, ikiimwagia kelele zake zote. Nikaipa kila moja waya wake, nikazikutanisha nyaya hizo mahali pamoja tu. Kimya! Weh, niliruka karibu nigonge mabati!

Jumapili asubuhi nikabonyeza swichi, nikasimama kurekebisha maikrofoni, mdomo wangu karibu nayo. Taa ya amplifaya iliungua zamani. Sote tulizoea kujua imewaka kwa kusikia ile zzzzz. Mama Achieng' wa kwaya akatega sikio, akaniita kutoka kitini kwake, "Fundi, kwani stima zimepotea?"

Nami nikasikiliza. Kimya. Masikio yaliyozoea yakaishinda akili iliyotengeneza, nikaamini zimepotea kweli.

"Afadhali!" nikacheka. "Leo pasta akiimba, tutapumzisha masikio!"

"Masikio... masikio... masikio..." spika zote zikaitikia, hadi ile ya langoni, alipokuwa amesimama pasta akisalimia waumini.

Sauti safi ajabu, bila zzzzz hata moja.