Gauni la Idi la Zainabu

Leo nimemgombeza fundi cherehani bure, na aibu haijaniisha.

Mama alimwambia aongeze urefu wa vidole vinne kwenye gauni jipya la mdogo wangu Zainabu. Mtoto wa miaka tisa, asikue?

Tumelijaribu na Mama pale pale kwa fundi, sokoni Koboko. Nyuma limepanda. Mbele linaburuta.

Nikawaka. Mnajua kitambaa kilivyo shida tangu maduka ya Wahindi yafungwe.

"Fundi, umeharibu kitambaa yetu."

Fundi akainama. Akaokota gauni la Idi iliyopita, alilokuja amelivaa Zainabu. Pindo la mbele vumbi tupu.

"Hii nilishona ifike kwa kifundo ya mguu. Sasa iko nafagia."

Tukautazama mgongo wa Zainabu. Daktari wa hospitali ya Kuluva alishatuambia: kifua kikuu kimekula pingili za mgongo mpaka zimelaliana, mgongo ukapinda. Sindano zitaua ugonjwa, lakini mfupa ulioliwa haurudi. Sisi tuliona anacheka tena, tukadhani anapona kabisa.

Fundi akachukua mkasi apunguze mbele ya gauni jipya. Zainabu akalikumbatia pindo.

"Usikate, fundi. Mimi nitakua."

Mama akageukia barabarani. Fundi akanitazama mimi.

Ninyi mngemwambia akate?