Mrija Uliopinda

Wifi yangu ni mtu wa kuudhi. Kwa miaka kumi na tisa ameosha vyombo vya upasuaji katika chumba cha chini cha hospitali yetu, na hakuna aliyewahi kumharakisha. Mimi niko ghorofa ya juu, chumba cha upasuaji: napokea vyombo safi, narudisha vichafu. Nikimkuta anasugua mrija mmoja dakika kumi, humwambia kwamba kaka yangu alioa kobe. Hunijibu kwamba mwenda pole hajikwai.

Jumanne ile mgonjwa, fundi cherehani mmoja, alikuwa amekwisha kupewa dawa ya usingizi. Mianya ya mifupa nyuma ya pua yake ilikuwa imejaa usaha, na daktari alikwisha kuingiza kamera. Kilichobaki ni ule mrija uliopinda, unaopeleka maji ya chumvi ndani na kufyonza uchafu. Huko unakopita, kati yake na jicho kuna mfupa mwembamba kama ganda la yai. Muuguzi alikuwa amenyoosha mkono kumpa daktari mrija huo.

Mlango ukagongwa. Wifi alisimama kizingitini bila kuvuka, maana nguo zake hazikuwa za mle. Alikuwa anahema. Mkononi alishika brashi nyembamba ya kusugulia ndani ya mirija.

"Daktari, naomba usiutumie huo," alisema. "Brashi yangu imepungua nywele. Nadhani zimebaki humo."

Daktari yule si mtu wa kusubirishwa. Alimwuliza kama anaona mgonjwa amelala, na kama anajua mrija wa pili uko kwa mafundi. Wifi alisema anajua. Basi daktari akaamuru maji yapitishwe kwa bomba la sindano kwenye mrija, juu ya kitambaa cheupe. Yakatoka safi. Akamtazama wifi. Bomba la pili, safi. Nilimwonea aibu, na kusema kweli nilimkasirikia pia. Bomba la tatu likasukuma kipande cheusi cha damu kavu, nywele mbili za brashi zimenasa ndani yake.

Daktari aliinua kitambaa karibu na taa.

"Nani aliuosha?" daktari aliuliza.

"Mimi," wifi akajibu.

Tulingoja dakika arobaini mpaka mrija uoshwe na kupikwa upya kwa mvuke. Muda wote huo nilikuwa nikipanga upya trei iliyokwisha kupangwa. Mrija ukitiwa majini mara tu baada ya kazi, damu haikauki ndani. Kuutia majini ni kazi yangu, na jana yake niliuacha mezani saa nzima nikipiga soga na dada wa mapokezi. Wifi alijua. Mwoshaji hafichwi mrija uliokauka.

Upasuaji ulikwisha salama. Nilishuka, nikamkuta anajaza daftari la makosa, ambalo jina lake halikuwahi kuingia hata siku moja. Nilimwuliza kwa nini hakunitaja.

"Niliuona umekauka, nikausugua, nikatia saini," alisema. "La kwangu ni langu. La kwako unalijua mwenyewe."

Machozi yalinitoka. Nilichukua kalamu nikaandika jina langu juu ya lake. Hakunishukuru. Alinisukumia beseni kwa mguu.

"Kesho hili lijae maji kabla mgonjwa hajaingia," alisema. "Kobe amechoka kupanda ngazi mbio."