Meno Meupe ya Shosho

Kazi yangu ni kutengeneza meno. Mimi si yule daktari anayekuambia ufungue mdomo. Mimi ni fundi wa chumba cha nyuma, katika kliniki moja mjini Nyeri, mtu usiyemwona lakini unatafunia kazi yake. Nashinda na vumbi la plasta kwenye nyusi na nta chini ya kucha. Nikitembea mjini naangalia midomo ya watu, si nyuso zao, na siku moja nilijikuta nikihesabu magego ya jirani aliyekuwa akinieleza habari za msiba.

Chumba hicho tunakaa wawili. Mwenzangu ni mzee wa kutoka Kutus, aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Husema machache, chai ya saa nne huinywa akiwa amesimama, na kanuni yake ni moja tu: jino la kuweka lifanane na jino lililobaki. Mtu akija na meno ya manjano, mpe ya manjano. Nilipokuwa mgeni alinirudishia kazi mara tatu kwa sababu ya rangi.

"Wewe unapenda nyeupe sana," aliniambia. "Unataka watu wote wakae kama sinki mpya."

Alikuwa amenisoma vizuri. Nimelelewa Kieni, upande mkavu, ambako maji ya visima yana madini yanayochora meno ya watoto tangu yanapoota. Kwetu karibu kila mtu ana meno ya kahawia, na hujui kwamba ni kasoro mpaka uende shule ya mbali. Mimi nilikuja kujua sekondari. Kwa miaka minne nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Nilipoajiriwa, jambo la kwanza nililofanya ni kuyafunika meno yangu ya mbele, kisha nikajitazama kwenye kioo cha kliniki hadi dada wa mapokezi akauliza kama nimepotea humo ndani.

Dada huyo ndiye mwenye wikendi zetu. Kila Ijumaa huandika kwenye grupu ya simu kwamba kesho, kazi ikiisha, tunapanda Kilima cha Nyeri, na atakayekosa atatozwa mutura, yale matumbo ya kuchoma yaliyojazwa nyama na damu, kwa wote. Nilikuwa sikosi. Napenda pale juu, watu wa kazini wakivua viatu na kusema mambo ambayo hawawezi kuyasema wakiwa wamevaa makoti meupe. Nilianza kuzikosa safari hizo pale babu yangu alipoanza kusahau, wikendi nikawa narudi nyumbani Kieni.

Sote tunamwita guka. Mimi nimepewa jina lake, na kwa desturi yetu hilo linanifanya kuwa mume wa nyanya yangu, ambaye ni shosho kwetu sote. Huniita bwana yangu, na hunigombeza kama mume hasa: sionekani nyumbani, sili, nguo zangu hazijapigwa pasi. Guka alianza kusahau majina ya ng'ombe, kisha ya watoto wake, kisha la kwangu, ambalo ni lake. Shosho peke yake alikuwa hajampotea. Akichanganyikiwa, alimtafuta kwa macho, akimwona anatulia.

Ndipo siku moja shosho akimwekea ng'ombe nyasi horini, ng'ombe akainua kichwa ghafla, akamgonga mdomoni, na meno ya juu yakaenda. Machache yaliyobaki huko juu yalikuwa yakicheza, yakang'olewa. Nikasema hii sasa ni zamu yangu.

Kanuni niliijua. Meno yake ya chini yalikuwepo bado, ya kahawia kama yangu ya zamani. Niliivunja makusudi. Nilichagua rangi nyeupe kuliko zote kwenye sanduku, na mwanya aliokuwa nao mbele tangu utotoni nikauziba. Nilitaka azeeke na kile nilichokitamani mimi utotoni. Mzee wa Kutus aliyatazama kwenye trei.

"Ni ya nani?"

"Ya shosho yangu."

Akanyamaza, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Jumapili shosho akayavaa kwenda kanisani, na akina mama wakamzunguka kumsifu. Aliporudi nyumbani, guka aliinuka kitini na kumpa mkono.

"Karibu, mama," akasema. "Kaa hapa. Bibi yangu ameenda shamba, atarudi sasa hivi."

Tulicheka. Tulidhani ni utani, maana guka alikuwa mtu wa utani. Lakini kesho yake alimkaribisha tena, na keshokutwa pia. Akawa mpole kupita kiasi. Alimwachia kiti kizuri. Alimkataza kumfunga vifungo vya shati kwa kuwa, alisema, yeye ni bibi ya mtu. Chakula kikiivishwa alikaa mbele yake bila kula, akimngoja mke wake arudi. Shosho alijaribu kuyatoa meno, uso ukabonyea, guka akauliza yule mama mwingine mzee ni nani.

Jumamosi ya tatu shosho aliniita nyuma ya zizi.

"Bwana yangu, hii meno ni mzuri sana," akasema. "Lakini hanijui nayo."

Hakunilaumu, na hapo ndipo nilipoumia. Nilijua ugonjwa ule una njia yake. Daktari alikuwa ametueleza. Hata hivyo nilijiona mwizi. Nilichukua mtungi wa maziwa nikauosha, ingawa ulikuwa umeshaoshwa, ili nisilie mbele yake.

Jumatatu nilimweleza mwenzangu yote.

"Alikuwa na mwanya?" akauliza.

"Alikuwa nao."

"Na ukaziba."

"Nikaziba."

Alivuta kiti akaketi na kikombe chake. Sikuwahi kumwona akinywa chai amekaa.

"Jumamosi tunaenda kwenu," akasema.

"Naweza kupiga tu picha ya ile ya chini."

"Picha inadanganya rangi. Tunaenda."

Dada wa mapokezi alituona tukipakia visanduku kwenye pikapu ya mzee. "Ati hata yeye sasa hapandi kilima?" akaniuliza, kisha akatupa maandazi ya njiani.

Mzee alimketisha shosho mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, akatazama meno yale ya chini kwa utaratibu ambao sijawahi kuona mtu akiyatazama meno ya kwetu. Alichanganya rangi zake kwenye kipande cha kigae, akajaribu, akafuta, akajaribu tena. Shida ikawa meno ya juu. Picha hazikuwepo za kutusaidia, maana zamani watu wa kwetu walipigwa picha wamefunga midomo, na shosho mwenyewe hakukumbuka vizuri. Nani hukumbuka meno yake?

Guka alikuwa ameketi kando akiota jua. Mzee wa Kutus akamgeukia.

"Mzee, bibi yako ako na meno aina gani?"

"Bibi yangu?" Guka akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hizi mbili za katikati zimeachana, punje ya mahindi inapita. Ya kushoto ni nyeusi kidogo kushinda ya kulia. Na imekatika hapa pembeni. Alikuwa anafungulia watoto soda, nikamwambia wacha, hakuwacha."

Shosho alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Alijishika mdomo.

"Ni kweli," akaniambia polepole. "Hiyo soda nilikuwa nimesahau."

Mzee aliyaandika yote kwenye daftari lake, kama anavyoandika maagizo ya daktari.

Tulifanya kazi wiki nzima baada ya saa za kazi. Alinipa brashi nyembamba na kusema nichore mwenyewe. Nikachora michirizi ya kahawia, ile ile niliyokuwa nimeificha mdomoni mwangu. Nilivunja pembe ya jino la kushoto. Niliacha mwanya. Nilipomaliza niliona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nikamwonea haya yule kijana wa kioo cha kliniki.

Sisemi meno yale yaliponya chochote. Ziko siku sasa ambapo hata akiyavaa guka hamjui. Lakini Jumapili ile shosho aliingia chumbani, akayavaa, akatoka na birika la chai. Guka alimtazama kwa muda mrefu, kisha akakunja uso.

"Umekaa sana huko shamba," akasema.

Shosho alisimama na birika lake. "Nimekaa kidogo."

"Kuna mama alikuwa anakungoja hapa. Siku nyingi. Mtu mpole sana. Nafikiri amechoka, ameenda."

"Nimekutana naye kwa njia," shosho akasema, akaketi karibu naye na kuanza kumfunga vifungo vya shati.

Guka alimwacha amfunge. "Alikuambia nini?"

"Ati ulimkaribisha vizuri."