Mmoja Saloni, Mmoja Jikoni

Hapa Kamina watu wanasema nilimtukana mke wa mkubwa mbele ya wageni. Wanaosema hivyo hawakuwapo, ao walikuwapo lakini macho yao yalikuwa kwenye kuku. Sikumtukana. Nilimvua mtoto wangu nguo, basi. Na nilimvua kwa sababu mwenzake wa tumbo moja, aliyezaliwa dakika chache nyuma yake, alikuwa amefichwa jikoni kama sufuria iliyotoboka. Hiyo habari hawaisemi. Ninaisema mimi.

Nianze na mali. Baba wa mume wangu alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo kwenye njia ya Kabongo, mtu wa kanisa, mwenye baiskeli moja. Nyuma ya shamba lake kulikuwa na kilima cha mawe, mahali ambapo hata mbuzi alikuwa anapita bila kusimama. Siku moja wakaja watu na nyundo na mifuko midogo. Wakagonga mawe, wakaenda, wakarudi na bwana mwenye tai. Kilima kikauzwa. Kabla mihogo tuliyopanda haijakomaa, tulikuwa tunalala Kamina, katika nyumba yenye bafu ndani, mtaa mmoja na wakubwa wa ofisi.

Viti vya saloni, chumba cha wageni, vilibaki na plastiki zao. Ukikaa wakati wa joto, unanyanyuka na kiti kimekushika mapaja. Frigo iliwekwa saloni, siyo jikoni, ili mgeni aione akiingia tu. Na kwa kuwa umeme unakuja siku unayotaka wenyewe, mama mkwe aliweka ndani yake unga na samaki wakavu wa ziwa Kisale, akasema ni kabati nzuri sana, panya hawaiwezi. Nilicheka. Wakati ule nilikuwa bado ninaweza kucheka.

Baba mkwe hakucheka. Alitaka kuhesabiwa kati ya wakubwa. Jirani wa mbele alikuwa mkubwa wa ofisi moja, na mke wake tulimwita Madame tu, kama kila mtu. Madame akatutumia kadi ya kutualika chakula cha mchana. Niliisoma mimi: watu wawili.

"Muntu akikuita, anakuita na bantu bako," baba mkwe akasema.

Tukaenda kumi na mmoja. Na kwa sababu watu kumi na mmoja hawawezi kumaliza chakula cha mwenzao bila haya, mama mkwe alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, tukavuka barabara na vikapu viwili kichwani. Mlinzi wa geti akafikiri ni sisi tulioitwa kupika, akatupitisha mlango wa nyuma. Baba mkwe, na suti yake mpya yenye kibandiko cha duka bado kwenye mkono, alikaa katika jiko la Madame karibu nusu saa akingoja mwenye nyumba. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wakubwa wanapokea wageni pazuri. Madame alipotukuta pale, alicheka mpaka akafuta machozi. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Na baba mkwe, alipoelewa, alikuwa mtu mwingine tangu siku ile. Aliogopa kitu kimoja tu duniani: kuitwa mtu wa pori.

Hapo njo nikazaa mapasa, watoto pacha. Wasichana wawili.

Kwetu Baluba, mapasa ni wakubwa kuliko mkubwa yeyote wa ofisi. Ukileta kitambaa, unaleta viwili. Ukimsalimu mmoja, unamsalimu na wa pili. Ukimpa mmoja peke yake, mwenzake anakasirika, na pasa aliyekasirika anaweza kurudi alikotoka. Mimi nilimaliza sekondari, habari ya yai moja linalogawanyika niliijibu kwenye mtihani. Lakini wangu wa pili alizaliwa mdogo sana, na siku zake za kwanza alipumua kama mtu anayefikiri kama abaki ao aende. Nilikaa naye kifuani usiku na mchana. Hapo masomo yangu hayakunitosha.

Baba mkwe akaenda kwa Madame kumwomba awe mareni, mama wa ubatizo. Alirudi anachekelea. Wiki iliyofuata kadi zikatoka, za dhahabu pembeni. Nikasoma moja, nikarudia. Ubatizo wa mjukuu wetu. Mmoja.

Nilipiga magoti, nikaangalia chini kama inavyofaa mbele ya baba mkwe.

"Papa, hapa banaandika mutoto mumoja. Batoto beko babili."

"Madame alikubali mumoja. Mukubwa haumulazimishe."

"Na ule wa pili?"

"Tutamubatiza nyuma, na misa ya asubui. Siku ya sikukuu atabakia jikoni na bamama."

"Papa, ni mapasa."

"Hizo ni mambo ya pori, mama. Hapa tuko mu mji."

Nikamfuata mume wangu chumbani. Akasema baba yake ameshakata maneno.

"Na titi langu la pili?" nikamwuliza. "Papa amelikatia maneno vilevile?"

Akaanza kutafuta simu yake. Alikuwa ameishika mkononi.

Siku ilifika. Kanisani, Madame hajafika bado, padri alipouliza mtoto wa pili yuko wapi, baba mkwe akamwambia ni mgonjwa. Padri akasema Mungu amponye. Na mimi nilisimama pale na kitambaa kipya kichwani, nikanyamaza. Mtoto mzima, tumemwita mgonjwa mbele ya altare, pasa, mwenye pumzi ile ndogo. Nilinyamaza. Kosa hilo ni langu, simpi mtu mwingine.

Nyumbani kulikuwa na mahema, muziki, na kijana mmoja wa protokole, mwongoza sherehe, aliyekodishwa pamoja na maikro yake, glavu nyeupe, Kifaransa kama cha redio. Yeye njo alipanga meza ya heshima. Akamkalisha mama yangu karibu na mume wangu, bega kwa bega. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawali meza moja, hata njiani wanakwepana. Mama yangu alitoka kijijini asubuhi ile nyuma ya pikipiki, hakutaka kuharibu sikukuu ya watu. Aligeuza kiti chake, akajifunika kitambaa kichwani, akala kuku uso ukiangalia ukuta. Wageni wakaanza kuulizana. Protokole akashika maikro, akatangaza kwamba bibi yuko katika sala.

Madame alikaa katikati na mtoto wangu mkubwa mikononi. Mtoto alivaa robe nyeupe, gauni aliloleta Madame, na viatu, na glavu ndogo. Alikuwa mzuri, siwezi kukataa. Halafu jikoni yule mdogo akalia. Mkubwa akasikia, naye akaanza. Wanaitikiana hivyo tangu wamezaliwa. Maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha blauzi yangu mbele ya watu wote.

"Nani analia kule nyuma?" Madame akauliza.

"Ni mutoto wa mupishi," baba mkwe akajibu.

Alijibu haraka. Hakutafuta hata neno.

Niliinuka, nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa amekaa miguu mitupu juu ya gunia la unga, viatu vyake vya kisigino amevitupa kwenye kuni. Alikuwa amewakimbia wageni tangu saa sita. Mtoto alikuwa mapajani mwake, na kwenye paji la uso alikuwa amempaka pemba, chokaa nyeupe ya mapasa, kwa siri.

"Mama," nikasema, "Papa anaambia bantu huyu ni mutoto wa mupishi."

"Mupishi gani?"

"Mupishi wa humu."

Akaangalia sufuria zote zile alizopika tangu alfajiri.

"Basi mupishi njo minyi," akasema. "Tuende Madame aone mutoto wangu."

Akatoka mbele yangu bila viatu, na mlangoni akaanza wimbo wa mapasa. Anayeujua anaujua. Hauimbwi mbele ya padri. Unataja vitu vya wanaume na vya wanawake bila kuvivika nguo, na unasema mgeni gani chake ni kidogo. Wanawake wa kijijini wakamfuata wakigonga vifuniko vya sufuria. Protokole, jasho linamtoka, akaeleza kwenye maikro kwamba bamama wanawatakia wakubwa maisha marefu na afya njema. Nusu ya wale wakubwa ni Baluba kama sisi, hakuna neno lililowapita. Bwana mmoja mwenye tai aliuma kitambaa cha meza. Mwingine mguu wake ulikuwa tayari unacheza chini ya kiti.

Nilisimama mbele ya Madame.

"Madame, hawa ni mapasa. Uko na mumoja. Shika na huyu."

Akaangalia mmoja, akaangalia mwingine. Sura moja. Akamgeukia baba mkwe.

"Papa, weye uliniambia ni mutoto mumoja."

Wiki zote zile nilikuwa ninamchukia mwanamke huyu kwamba alichagua. Hakuchagua kitu. Hakuambiwa. Baba mkwe alikwenda kwake akaona watoto wawili ni wengi, kwamba atachekwa tena, akamkata mmoja njiani kabla hajafika kwenye mlango wake.

Baba mkwe akaangalia sahani yake.

"Sawa," Madame akaniambia, na hakusema vibaya, alikuwa amechoka tu. "Kesho nitatuma robe ingine. Leo tuendelee."

"Mapasa habangojake kesho, Madame."

"Ni nguo tu, mama."

Nguo tu. Nilimpa mama mkwe yule mdogo, nikamchukua mkubwa, nikamlaza juu ya meza ya heshima kati ya sahani. Nikatoa viatu, glavu, robe. Nikaikunja vizuri, nikaiweka mapajani mwa Madame. Wakabaki wawili na vitambaa vyao vya kila siku, vilivyokatwa kwenye kikwembe kimoja.

"Sasa beko sawa," nikasema.

Hilo njo tusi langu. Madame akasimama, akaita dereva, na wageni wengi wakamfuata, wengine na paja la kuku mkononi. Waliobaki walikula vizuri.

"Umeniua mu mji," baba mkwe akaniambia.

Kwa mara ya kwanza nilimwangalia machoni.

"Papa, weye ulikana mutoto wangu mbele ya bantu. Kosa ya nani njo kubwa?"

Akageuka, akaingia ndani. Mpaka leo watu wananiambia niende kwa Madame kuomba msamaha. Niombe kwa kosa gani? Na kwake yeye, mtoto, nani ataenda kuomba?

Jumatatu nilipanda pikipiki na watoto wote wawili, nikamwambia padri kwamba hakukuwa na ugonjwa. Alinigombeza, ilinistahili. Alhamisi, misa ya asubuhi, mdogo alibatizwa. Mareni alikuwa mama mkwe, na ndala zake. Niliwavika wote wawili nguo za namna moja. Tulikuwa watu sita, halafu nikasikia mlango: baba mkwe alikuwa ameingia, amekaa benchi la mwisho kabisa.

Padri alimwona. Akamnyanyua mtoto kidogo.

"Papa, na huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Sikusikia."

"Ni mujukuu wangu," akasema, safari hii kwa nguvu.

Sikumshukuru. Mtu hashukuriwi kwa kusema kwamba mtoto wake ni wake.