Goli Lililoganda

Ugomvi ulianzia kwenye goli. Mimi na mke wangu tulikuwa na chumba kidogo pale Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi, na ndani yake kompyuta moja ya mezani iliyotumia umeme wa sola. Vijana walikuja kucheza mpira kwenye skrini. Jumapili moja baada ya ibada, kijana Mrundi alikuwa akichuana na Mkongomani mwenzangu. Mkongomani alipokaribia lango, picha ikaganda. Ilipofunguka, mpira ulikuwa tayari wavuni.

"Ni weye umeisimamisha!" Mrundi akanigeukia. "Unasaidia ndugu zako!"

Benchi likaanguka. Mke wangu akazima umeme, akasimama mlangoni mpaka wote wakatoka. Huko nje niliwasikia wakitukaniana nchi zao. Nikawapigia kelele kwamba watarudiana Jumapili ijayo, ili tu watawanyike.

"Na kama picha inakwama tena?" mke wangu akaniuliza. "Batapigana humu ndani, na sisi tutafukuzwa."

Nikafungua kompyuta. Nikachomoa kipande chake cha memori, kile kinachobeba kazi inayoendelea, nikakifunga kwenye kitambaa, nikaenda nacho Mbarara. Fundi, Mnyankore wa maneno machache, akakigeuzageuza.

"Ssebo, bwana, mashini yako iko na kadi ya picha?"

"Haina."

"Basi hii memori inabeba mchezo, inabeba na picha. Na iko peke yake, kama barabara ya njia moja. Weka mbili za sawasawa, zitasaidiana."

Akanipa cha pili kinacholingana nacho. Safari nzima ya kurudi nilikuwa nikikipapasa mfukoni, nikiogopa jasho na vumbi.

Nyumbani nikakipachika kwenye shimo la pili, kando ya kile cha zamani. Kompyuta ikawaka, lakini wachezaji walipokimbia picha ilikatika vilevile. Ilikuwa tayari Jumamosi. Nikampigia fundi.

"Umeweka kwa shimo gani?"

"Yale mawili ya kwanza, yanafuatana."

"Hapana! Hayo yote ni njia ileile. Ruka moja katikati."

Nikakihamishia kile kipya shimo la tatu. Nilipowasha, skrini ikabaki nyeusi na mashine ikatoa mlio mrefu. Mke wangu akaziba mdomo kwa kiganja. Nikakichomoa, nikapangusa meno yake kwa kitambaa kikavu, nikakisukuma hadi kikalia ta! Safari hii ikawaka, na mchezo ukateleza kama maji.

Hata hivyo sikuuamini. Jumapili chumba kilijaa, Warundi upande huu, Wakongomani upande ule. Kila mpira ulipofika langoni nilibana pumzi. Haukuganda hata kidogo. Ila Mrundi akafungwa tena, goli la wazi kabisa.

Aliweka padi ya kuchezea chini, akanitazama. Nikahesabu watu waliokuwa kati yangu na mlango.

"Hilo nimeliona lote," akasema. "Turudie."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikawaanzishia mchezo upya.